Bei ya kununua gari na bei ya kulitunza katika Lubumbashi

Wenye magari wa Lubumbashi wanapokutana, swali la kwanza si gari lilinunuliwa kwa bei gani, bali vipuri vyake vyapatikana wapi na ni fundi gani anayelijua. Swali hilo lina historia yake.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza uzairishaji: biashara nyingi za wageni zikatwaliwa na kukabidhiwa wananchi, ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu wa kuagiza mali kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianza kuanguka, na pesa za kigeni zikaadimika. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela, njia fupi ya kufika Atlantiki. Kwa sababu hizo, kukosekana kwa kipuri kimoja kuliweza kulaza gari miezi mingi. Ikawa busara kununua gari ambalo wenzake ni wengi mjini, maana lililokufa hutoa vyuma vya kulitengeneza lililo hai.

Busara hiyo ingaliko. Magari yaliyotumika Japani, yafikayo kupitia Dar es Salaam na Zambia, yana usukani upande wa kulia, nao ni mzigo kwa dereva katika nchi inayoendesha kulia. Hata hivyo hununuliwa, kwani bei yake ni nafuu na mafundi wameyazoea.

Basi anayeandika historia ya gari kwa kuhesabu yaliyoingizwa tu, ameacha kazi kubwa iliyofanyika gereji.