Lenzi za kamera za filamu Bujumbura: zipi zinauzika na zipi zinalaza mtaji

Kamera za filamu zimekwisha kuachwa na wapiga picha wengi, lakini lenzi zake nyingi bado zinatoa picha safi zikifungwa kwenye kamera za dijitali. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura anayeagiza mali hiyo kutoka Dubai, Nairobi au Kariakoo, ama kwa ndugu walioko Ubelgiji, jambo la kwanza la kuangalia ni kifungio, yaani pete ya chuma iliyo nyuma ya lenzi inayoishika kwenye bodi ya kamera. Anayenunua kwa kufuata jina la kampuni peke yake huweza kubaki na sanduku la lenzi ambazo wateja wake hawana mahali pa kuzifunga.

Kwa nini ziko sokoni

Mwaka 2005 kampuni ya AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika. Januari 2006 Nikon ilitangaza kuacha kutengeneza kamera zake nyingi za filamu, na mwezi huo huo Konica Minolta ikatangaza kujitoa katika biashara ya kamera. Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Katika miaka hiyo lenzi nyingi ziliingia katika soko la mtumba kwa bei ya chini.

Hali ilibadilika zilipokuja kamera za dijitali zisizo na kioo cha ndani: mfumo wa Micro Four Thirds mwaka 2008, Sony E mwaka 2010, kisha Canon RF na Nikon Z mwaka 2018. Kamera hizo zinapokea karibu kila lenzi ya zamani kwa kutumia adapta, na wapiga picha za video wakaanza kuzitafuta upya.

Aina za vifungio

Canon EF: Ilianza mwaka 1987, enzi ya filamu. Lenzi hizi zinafunga moja kwa moja kwenye kamera zote za dijitali za Canon EOS zenye kioo, na zinajilenga zenyewe. Kwenye Canon RF zinafanya kazi hivyo hivyo kwa adapta ya kampuni hiyo. Kwa muuzaji, hii ndiyo mali yenye hatari ndogo kuliko zote.

Canon FD: Ilitoka mwaka 1971. Jina ni Canon, lakini haifungi kwenye EOS. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha.

Nikon F: Ilianza mwaka 1959 na imeendelea hadi kamera za dijitali. Hata hivyo, lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa zinaweza kuharibu baadhi ya bodi za dijitali. Lenzi za AF na AF-D hazijilengi zenyewe kwenye bodi zisizo na mota, kama za mfululizo wa D3000 na D5000. Mteja aelezwe kabla ya kulipa.

Minolta AF: Ilitoka mwaka 1985. Inafanya kazi kwenye kamera za Sony Alpha zenye kifungio cha A, kwa kuwa Sony ilirithi mfumo huo mwaka 2006.

M42: Hii hufungwa kwa kuzungusha kama parafujo. Ni pamoja na Takumar za Japani na Helios 44 za Urusi ya zamani. Hulengwa kwa mkono.

Aidha, kamera nyingi ndogo za zamani zina lenzi isiyotoka. Hizo ziuzwe kama kamera nzima. Ndani yake hamna lenzi ya kuuza kando.

Kipimo kinachoamua adapta

Kila mfumo una umbali wake kati ya kifungio na filamu au sensa. Nikon F ni milimita 46.5, M42 ni 45.46, Canon EF ni 44, Minolta ya kulenga kwa mkono ni 43.5 na Canon FD ni 42. Kanuni ni rahisi: lenzi yenye umbali mrefu huweza kuhamia kwenye kamera yenye umbali mfupi, kwa adapta ya chuma tu. Ikiwa ni kinyume, lenzi haitaona vizuri vitu vya mbali, isipokuwa adapta iwe na kioo cha ziada, ambacho mara nyingi hupunguza ubora wa picha.

Kwa hiyo lenzi ya Nikon au M42 inakubali kwenye Canon EOS, lakini lenzi ya M42 haikai sawasawa kwenye Nikon yenye kioo. Canon FD inafaa zaidi kwenye Sony E (milimita 18), Canon RF (20) na Nikon Z (16). Muuzaji anayeweka adapta na lenzi katika pakiti moja humwondolea mteja usumbufu.

Mteja aelezwe pia kuhusu upana wa picha. Lenzi ya milimita 50 kwenye Canon yenye sensa ndogo huona kama ya 80, na kwenye Nikon ya aina hiyo kama ya 75. Inafaa kwa picha ya bwana na bibi harusi, lakini ni nyembamba kwa kundi kubwa ndani ya ukumbi.

Ukaguzi kabla ya kununua

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kuna joto, na mvua hunyesha kuanzia karibu Septemba hadi Mei. Unyevu huo ni chakula cha fangasi. Mnunuzi amulike tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma: nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, na ukungu mweupe ni dalili ya mafuta au gundi iliyoachana. Vibapa vya tundu la mwanga viwe vikavu na vifunguke haraka. Pete ya kulengea izunguke bila kukwama. Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna madhara makubwa. Wa nyuma huonekana zaidi kwenye picha.

Lenzi yenye fangasi isiwekwe pamoja na nzima. Mzigo ufungwe kwa plastiki pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, na ghalani uinuliwe juu ya sakafu.

Forodha na usafirishaji

Lenzi peke yake huorodheshwa chini ya namba ya ushuru 9002.11, kamera za filamu 9006, na za dijitali 8525. Sanduku lililoandikwa "vifaa vya picha" tu hukaribisha maswali na kuchelewa. Orodha ionyeshe aina, idadi, namba ya kila lenzi, bei, na kwamba imetumika.

Burundi iliingia katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki mwaka 2009. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Lenzi ya Japani haibadiliki asili kwa sababu imenunuliwa Kariakoo. Mwagizaji ahesabu pia TVA ya asilimia 18.

Mpiga picha anayevuka Kobero na vifaa vyake vya kazi aandikishe namba zake forodhani wakati wa kutoka, ili akirudi asidaiwe kama mwagizaji. Kwa ndege, lenzi za zamani zisizo na betri hazina matatizo. Betri za akiba za lithiamu hubebwa kwenye mkoba wa ndani, si kwenye mzigo. Mpaka wa Burundi na Rwanda ulifungwa Januari 2024, hivyo msafirishaji ahakikishe hali ya njia kabla ya kupakia.

Kupanga bei

Dola ya benki na ya mtaani zimetofautiana sana katika miaka ya karibuni. Bei ya lenzi ipangwe kwa dola iliyonunuliwa kweli, pamoja na nauli, ushuru na zile zitakazokataliwa kwa fangasi. Kabla ya kuagiza, mfanyabiashara apite studio za mjini akaandike aina za bodi zilizopo mikononi mwa wapiga picha. Pakiti ya kwanza iwe ndogo, na ifuate orodha hiyo.