Tembe la Livingstone, Kwihara

Tembe la Livingstone ni nyumba ya kihistoria huko Kwihara, kilomita chache kutoka mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania. Siku hizi ni makumbusho.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, ua wa ndani na paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo. Nyumba ya awali ilibomoka. Inayoonekana leo ilijengwa upya kwa kufuata umbo lake.

Henry Morton Stanley alikaa hapa mwaka 1871, wakati vita vya Mirambo vilipofunga njia ya misafara kwenda Ujiji. Februari 1872 alirudi pamoja na David Livingstone, ambaye alibaki akisubiri wapagazi hadi 25 Agosti.

Jina la nyumba linamtaja mgeni huyo tu, ingawa safari ngumu zaidi iliyopita Kwihara ilikuwa ya watumishi wake. Mnamo Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika wakiwa wamebeba maiti yake kutoka Zambia ya leo. Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Huko maiti ililazwa katika kanisa la misheni ya Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar.