Malkia Mke na Malkia Mtawala: Tarehe ya Cheo Kimoja cha Uingereza

Watu wa Wessex hawakutaka kusikia habari ya malkia. Wessex ndiyo dola ya kusini mwa Uingereza iliyokuja kuzimeza jirani zake, na mtawa Asser, aliyeandika maisha ya Mfalme Alfred mwaka 893, anaeleza kuwa mke wa mfalme huko hakuruhusiwa kuketi kando ya mumewe wala kuitwa malkia. Aliitwa mke wa mfalme, basi. Lawama anamtwisha bibi mmoja, Eadburh, binti wa Mfalme Offa wa Mercia, aliyeolewa na Beorhtric wa Wessex. Eadburh, anasema, aliwatilia sumu watu aliowachukia, na mwaka 802 sumu aliyomwandalia kijana mmoja ikamfikia mfalme pia. Bibi alitoroka na hazina, akaishia kuombaomba katika mji wa Pavia. Mimi kisa hiki nakipokea kwa tahadhari, maana aliyetwaa kiti baada ya Beorhtric ni Egbert, babu yake Alfred, na Asser alikuwa mtu wa Alfred.

Hata hivyo marufuku yenyewe ilikuwapo, na iliyoivunja ni ndoa. Tarehe 1 Oktoba 856 Mfalme Æthelwulf wa Wessex, akirudi kutoka Roma, alimwoa Judith, binti wa Charles Kipara, mfalme wa Wafaranki wa magharibi. Msichana hakuwa amefika hata miaka 15. Baba yake hakukubali binti yake aende ugenini bila cheo: Askofu Mkuu Hincmar wa Reims alimpaka mafuta na kumvika taji palepale harusini, na alipofika Wessex aliketishwa kando ya mumewe.

Hapo ndipo shina la mambo yote yaliyofuata. Neno la Waingereza la kumwita malkia, queen, lilimaanisha mwanamke au mke kabla halijawa cheo. Neno lao la mfalme, king, lina asili moja na neno la ukoo. Mfalme, basi, alikuwa mtu wa ukoo, na malkia alikuwa mke wa mtu. Je, mwanamke wa ukoo akirithi kiti kwa damu yake mwenyewe, aitwe nani?

Wa kwanza kulikabili swali hilo kwa mapigano alikuwa Matilda, binti wa Mfalme Henry I. Kaka yake alikufa maji mwaka 1120, na mwaka 1127 makabaila walimwapia kuwa watamkubali atawale. Baba alipofariki mwaka 1135, binamu yake Stephen aliwahi London akavikwa taji. Februari 1141 Stephen akatekwa huko Lincoln, na njia ikawa wazi. Matilda alikuwa na jina la malkia wa kaisari, alilolipata kwa mume wake wa kwanza, Kaisari Henry V, na hakuliacha hadi anakufa. Kwa nchi yake alijiita Bibi wa Waingereza, kwa kuwa hakuna aitwaye mtawala kamili kabla ya kuvikwa taji. Taji hilo hakulipata. Watu wa London walimfukuza Juni mwaka huohuo, kabla ya siku yake, na aliyevaa baadaye ni mwanawe, Henry II, mwaka 1154. Waandishi wa zama zile walimshutumu kwa kiburi na ukali wa sauti. Baba yake alikuwa mkali kuliko yeye, nao wakamsifu.

Ikapita miaka 400. Mwaka 1553 Mfalme Edward VI, kijana wa miaka 15, alikuwa akifa kwa maradhi ya kifua, na hakutaka dada zake, Mary na Elizabeth, wamrithi. Karatasi aliyoiandika kwa mkono wake bado ipo London, katika maktaba ya wanasheria ya Inner Temple. Kwanza aliandika kwamba taji liende kwa wana wa kiume wa binamu yake, Jane Grey. Lakini Jane hakuwa na mtoto na siku za mfalme zilikuwa zimekwisha. Edward akafuta herufi moja mwishoni mwa jina la Jane, na juu ya mstari akachomeka maneno mawili. Sasa ikasomeka kwamba taji liende kwa Jane na wana wake wa kiume. Mtoto aliyekuwa amepania kuwafungia wanawake mlango aliufungua kwa kalamu yake mwenyewe, kwa sababu tu mwanamume hakupatikana.

Jane alidumu siku 9, kuanzia 10 hadi 19 Julai, na katika siku hizo alifanya jambo moja la kukumbukwa. Ukoo wa mumewe, Guildford Dudley, ulitaka kijana huyo avikwe taji naye. Jane, aliyekuwa wa miaka 16 au 17, alijibu kuwa angemfanya duke, si mfalme. Alikwisha kuelewa kuwa jina la mfalme likimwingia mume, lake yeye litarudi kuwa jina la mke. Alikatwa kichwa Februari 1554.

Mary aliyemshinda akakumbana na jambo lilelile. Aprili 1554 Bunge lilipitisha sheria ya kusema wazi kwamba mamlaka ya malkia ni yaleyale ya wafalme waliomtangulia. Hakuna mwanamume aliyekuwa amehitaji kutungiwa sheria ya namna hiyo. Julai akaolewa na Philip wa Hispania, ambaye baba yake alimpa ufalme wa Naples ili aje harusini akiwa mfalme, asije malkia akaolewa na mtu wa cheo cha chini. Kwa mkataba Philip aliitwa mfalme wa Uingereza, ila jina hilo lilikuwa la kukaa pamoja na mkewe tu, na lingekoma mke akifa. Itazame shilingi ya mwaka 1554. Mume na mke wametazamana uso kwa uso, na taji ni moja, limechorwa juu katikati, halijagusa kichwa cha yeyote kati yao. Mchongaji hakuthubutu kuamua.

Mary alifariki mwaka 1558 na ufalme wa Philip ukaisha siku hiyohiyo. Elizabeth, dada yake, aliyaona yote hayo, na alitawala hadi mwaka 1603 bila mume. Mwaka 1689 kinyang'anyiro kiligeuka: William wa Orange alikataa kuishi kama mtumishi wa mkewe Mary II, basi wote wawili wakavikwa taji, na utendaji wa serikali ukawekwa mkononi mwa mume peke yake. Malkia Anne aliyefuata alikuwa na mume, George wa Denmark, ambaye hakupewa ufalme.

Kwa upande wa wake wa wafalme, cheo kilipatikana kwa ndoa na kiliweza kudhalilishwa ndani ya ndoa. Caroline, mke wa George IV, alifika Westminster Abbey tarehe 19 Julai 1821, siku ya kutawazwa kwa mumewe. Alikuwa malkia kwa sheria. Alizunguka kutoka mlango huu hadi ule, na kila mlango ulifungwa mbele yake. Alifariki wiki 3 baadaye.

Malkia Victoria aliolewa na Albert mwaka 1840 na akatamani mumewe aitwe mfalme. Waziri Mkuu Melbourne alimzuia. Albert alikaa miaka 17 bila cheo cha Kiingereza kinacholingana na kazi aliyoifanya, mpaka Juni 1857 mkewe alipomtolea hati ya kumwita Prince Consort, yaani mwanamfalme aliye mume wa malkia.

Historia hiyo ilipita hata kwetu Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952 Elizabeth, binti wa George VI, alikuwa katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri, Kenya, na habari ya kifo cha baba yake alipewa na mumewe Philip kwenye nyumba ya Sagana. Tangu 9 Desemba 1961, kwa mwaka mmoja, alikuwa kisheria malkia wa Tanganyika huru, na Philip ndiye aliyekuja Dar es Salaam kumwakilisha kwenye sherehe za uhuru. Kenya nayo ilikuwa chini ya taji lake tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1964.

Linganisheni sherehe 3 za kanisa lilelile la Westminster. Tarehe 12 Mei 1937 mama yake Elizabeth alivikwa taji kwa kuwa mumewe ni mfalme. Tarehe 2 Juni 1953 Philip, aliyekuwa Duke wa Edinburgh, alipiga magoti mbele ya mkewe akala kiapo cha utii, na taji hakuvikwa. Uanamfalme wa Uingereza alipewa Februari 1957. Tarehe 6 Mei 2023 Camilla alivikwa taji kando ya mumewe, Mfalme Charles, mwana wa Elizabeth, na mialiko ilikuwa imekwisha kumwita Malkia Camilla, ingawa walipooana mwaka 2005 ilitangazwa kuwa hataitwa hivyo. Kuna kioja kingine katika eneo la Uingereza liitwalo Lancaster: huko mtawala hunyanyuliwa glasi kwa jina la Duke, cheo cha kiume, na Elizabeth aliitwa hivyo miaka yake yote 70 bila mtu kuona ajabu.

Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Machi 2015, iliondoa kanuni ya mwana wa kiume kumruka dada yake kwa wote waliozaliwa baada ya 28 Oktoba 2011. Charlotte, binti wa William mwana wa Charles, alizaliwa Mei 2015, na mdogo wake Louis alipozaliwa Aprili 2018 hakumpita. Kuhusu waume sheria hiyo haikusema kitu. Charlotte akija kutawala, mumewe hatakuwa mfalme, na atasubiri hati ya mkewe ili ajue ataitwa nani.