Lishe ya kuacha ngano ilianza kwa watoto waliokonda

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya vyakula tunavyopika kila siku. Leo ni zamu ya ngano, kwa sababu swali limekuwa lile lile wiki nzima: "Nesi, nimeambiwa nikiacha chapati na mkate magoti yataacha kuuma na mwili utapungua. Ni kweli?"

Nitakujibu, ila kaa kwanza nikusimulie ushauri huu ulikotoka. Kuna kitu kwenye historia yake ambacho wanaousambaza hawakitaji. Lishe ya kuacha ngano haikutungwa ili watu wapungue. Ilitungwa ili watoto wanenepe.

Zamani sana, kama miaka 1,900 iliyopita, daktari wa Kigiriki aitwaye Aretaeus aliandika habari za wagonjwa wanaokula lakini chakula kinawapita tu, wanaharisha na kuisha mwili. Akauita ugonjwa huo kwa jina linalotokana na neno la kwao la tumbo, na ndilo lililozaa neno siliaki tunalotumia leo. Baada ya hapo ni kimya cha muda mrefu. Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, akaueleza vizuri kwa watoto: tumbo limevimba, mikono na miguu kama vijiti, choo kingi, cheupe, chenye harufu kali, na mtoto mkali asiyetaka kuguswa. Gee alisema kama kuna dawa, basi iko kwenye chakula. Hapo alipatia. Lakini kati ya vyakula alivyoruhusu kulikuwa na vipande vyembamba vya mkate uliochomwa pande zote mbili! Alikuwa na mtoto mmoja aliyelishwa kome wa baharini kila siku akastawi, msimu wa kome ulipokwisha akarudi kuugua. Jibu lilikuwa sahanini, ila hakuna aliyeliona.

Mwaka 1924, huko New York, Sidney Haas akaja na ndizi. Ndiyo, ndizi mbivu hizi hizi. Alieleza habari za watoto 10, na 8 kati yao aliwalisha ndizi wakapata nafuu ya ajabu. Wazazi wakamshangilia, na wewe ungekuwa na mtoto anayekwisha mbele ya macho yako ungeshangilia pia. Lakini angalia alichokuwa akikataza wakati huo huo: mkate, biskuti, viazi, nafaka zote. Haas aliamini ndizi ndiyo inayoponya. Kumbe nafuu ilitoka kwenye kile kilichoondolewa. Na kwa sababu aliamini ndizi imeshaponya, mtoto akipata nguvu aliruhusiwa kurudi kwenye mkate. Lishikeni hili jambo la Haas, maana nitalirudia tukifika kwenye magoti.

Sasa tufike Uholanzi. Mwaka 1936 kijana wa miaka 31, Willem-Karel Dicke, alikuwa mkuu wa Hospitali ya Watoto ya Juliana, mjini The Hague. Watoto wa siliaki walilazwa pale miezi na miezi. Katika miaka hiyo, mama mmoja kijana akamwambia kwamba mtoto wake mwenye ugonjwa huo alikuwa na vipele, na akimwondolea mkate vipele vinapungua upesi. Jina la huyo mama halikuandikwa kwenye historia. Inaniuma kidogo, maana bila yeye hadithi ingechelewa. Ila mpeni Dicke haki yake: hakumkatisha mama wa watu wala kumwambia "wewe si daktari". Alisikiliza, kisha akaanza kuwaondolea watoto mkate na kuwapima uzito. Mwaka 1941, vita ikiwa imeshaanza, aliandika kwenye jarida la madaktari la kwao kuhusu lishe rahisi isiyo na mkate.

Halafu ikaja njaa. Septemba 1944 wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma kuwasaidia majeshi yanayokuja kuwakomboa, na Wajerumani waliokuwa wameitawala nchi wakazuia chakula kwenda miji ya magharibi. Baridi ilikuwa kali, mifereji ikaganda, majahazi hayakupita. Mpaka Februari 1945 mgao wa mtu mzima kwenye miji ile ulishuka chini ya kalori 600 kwa siku. Watu walikula bitiruti za kutengenezea sukari na vitunguu vya maua ya tulipu, yaani yale maua ya kupamba. Wanakadiriwa kufa watu 20,000. Wenyewe wanaiita Majira ya Baridi ya Njaa.

Katikati ya msiba huo, watoto wa siliaki wakawa na nafuu. Fikiria mwenyewe: wenzao wanadhoofika, wao matumbo yametulia. Mwishoni mwa Aprili 1945 ndege za Uingereza zikaanza kudondosha chakula, mkate ukarudi mezani, na watoto wale wakaanza kuugua tena.

Hadithi nyingi zinaishia hapo, kwamba njaa ilimfunulia daktari siri. Si sawa. Dicke alikuwa ameshaishuku ngano tangu yule mama, na njaa ilimwongezea uhakika tu. Kazi niipendayo mimi ni ile aliyoifanya baada ya vita, haina ndege wala mizinga. Aliwachukua watoto wachache, akawafuatilia kwa muda mrefu. Ngano inatolewa, mtoto anapimwa. Ngano inarudishwa, mtoto anapimwa. Akishirikiana na wenzake wa Utrecht, Weijers na van de Kamer, walikusanya choo chote cha mtoto na kupima mafuta yaliyomo. Mafuta yakiwa mengi maana yake utumbo haukunyonya chakula. Ngano ikirudi, hamu ya kula inashuka, mafuta kwenye choo yanapanda, uzito unasimama. Mchele na mahindi havikuleta shida hiyo. Mwaka 1950 aliyaweka yote kwenye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utrecht.

Mwaka 1952, kundi la Charlotte Anderson kule Birmingham, Uingereza, liligawa unga wa ngano sehemu mbili. Wewe unaweza kufanya hivyo jikoni kwako: chukua donge la unga wa chapati, lioshe kwenye maji huku unalikandakanda. Maji meupe yanayotoka ni wanga. Kinachobaki mkononi, kile kinachovutika kama mpira, ndiyo gluteni. Wanga uliooshwa vizuri haukuwadhuru watoto, gluteni iliwadhuru. Baadaye ikaonekana kwamba kwa watu hawa kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, inageuka na kushambulia utando wa utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vinavyonyonya chakula vinalala na kwisha, ndiyo maana mtoto anakula na bado anakonda.

Usiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watoto wa Kisahrawi walioko kwenye kambi za wakimbizi Algeria: kwa kila watoto 100 waliopimwa, zaidi ya 5 walikuwa nao. Hakuna mahali pengine palipowahi kuonekana kiwango kikubwa hivyo. Kwingi duniani ni kama mtu 1 kwa kila 100. Wazee wa Kisahrawi waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia na tende, leo kambini mkate wa ngano ndio chakula kikuu.

Haya, magoti sasa.

Kweli ipo, ndogo. Mtu mzima mwenye siliaki anaweza asiharishe kabisa, akaja na upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, uchovu, vidonda mdomoni, na maumivu ya viungo. Huyo akiacha ngano, viungo vinaweza kutulia kweli. Kwa hiyo shoga yako akikwambia aliacha ngano akapona magoti, usimwite mwongo. Ila yeye ni yeye.

Mwaka 2011 daktari wa moyo wa Marekani, William Davis, alitoa kitabu kiitwacho Wheat Belly, kikauzwa sana. Alidai ngano ya leo, ile fupi iliyozalishwa kuanzia kazi ya Norman Borlaug kule Mexico, imebadilika mno na ndiyo inayonenepesha watu na kuwaumiza viungo. Dai kubwa. Miaka miwili baadaye Donald Kasarda, aliyeichunguza ngano maisha yake yote, alipitia takwimu za ngano ya Marekani za karne iliyopita na hakuona ushahidi wa wazi kwamba gluteni iliongezeka. Mwaka huo huo wa 2013, kundi la Peter Gibson kule Melbourne, Australia, lilirudia kazi yake lenyewe. Mwanzoni walidhani gluteni inasumbua hata watu wasio na siliaki. Safari hii waliwachukua watu 37 waliokuwa na hakika kwamba gluteni inawaumiza tumbo, wakawapunguzia kwanza zile sukari ngumu kusagwa zilizomo kwenye ngano, vitunguu na maharage. Kisha wakawapa gluteni bila wao kujua nani kapewa na nani hakupewa. Haikuonekana tofauti ya maana. Nawaheshimu watu wanaokubali kujikagua namna hiyo.

Na baridi yabisi, ile inayovimbisha vidole? Mwaka 1991 kule Norway wagonjwa walifunga kula kwa siku 7 hadi 10, kisha miezi mitatu na nusu ya mboga na vyakula visivyo na nyama, maziwa wala gluteni. Walipata nafuu. Ila walikuwa wameacha vitu vingi kwa mpigo na wengine walipungua uzito. Kipi kilisaidia? Ndiyo ile ndizi ya Haas imerudi.

Tufanye hesabu ya jikoni. Gramu 100 za unga wa ngano zina kama kalori 350. Unga wa mahindi ni karibu hivyo hivyo, mchele mkavu pia. Kwa hiyo ukihama kutoka mkate kwenda sima au ugali mkubwa, hujapunguza kitu. Lakini ukiacha chapati umeacha na mafuta yake, ukiacha maandazi umeacha mafuta na sukari, ukiacha mkate wa asubuhi pengine umeacha siagi na vijiko vitatu kwenye chai. Hapo mwili utapungua, na magoti yatakushukuru. Kwenye mji wa Framingham, Marekani, ilionekana mwaka 1992 kwamba wanawake waliopungua kama kilo 5 ndani ya miaka 10 walipunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusagika magoti. Na kila kilo 1 unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Hayo unaweza kuyapata na chapati moja ya Jumapili ikiwepo, ya unga usiokobolewa na mafuta kidogo, usikaangie kama unakaanga samaki.

Kitu kimoja nakuomba ukizingatie. Ukishuku siliaki, kwako au kwa mtoto, usiache ngano kabla ya kupima. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, na ukiacha ngano zinapungua taratibu. Ukija baada ya miezi kadhaa majibu yanaweza kusema huna, kumbe unayo. Kula kama kawaida, nenda upime, kisha mambo mengine yafuate. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho, ulizia hospitali ya rufaa. Mtoto anayestahili kuulizwa hivyo ni yule ambaye mstari kwenye kadi ya kliniki umeanza kulala baada ya kuanza uji wa ngano au mkate, tumbo limejaa, choo kingi cha kuelea. Ukimwondolea ngano kwa kubahatisha, huku naye anaogopeshwa mayai na maziwa kwa ushauri wa mtandaoni, atabaki anakula nini?

Mtoto anayelia mikono na miguu, au vidole vimevimba, usihangaike na ngano. Apimwe selimundu. Kiungo kimoja kikivimba na homa, twende hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Na wewe unayetarajia kupata ujauzito: unga wa ngano wa viwandani hapa Tanzania na Kenya huongezewa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa mujibu wa sheria. Ukiuacha, ukahamia unga wa muhogo au mtama wa kusaga mtaani, umeacha na hivyo. Mweleze nesi wa kliniki yako akuandikie vidonge vya foliki mapema, kabla mimba haijaingia.

Maswali yaacheni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu. Sehemu ijayo ni sukari.