Mkono wa kushoto: aliyeuficha na aliyeuinua

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya mitihani. Leo nina historia fupi ya mkono wa kushoto.

Juzi mama kanipigia simu. Mdogo wangu kaanza darasa la kwanza, anaandika kwa kushoto. "Mwanangu, wewe si ndo mwalimu? Tumfanyeje?" Nikakosa jibu. Mimi mwenyewe nilizaliwa mashoto. Nilipokuwa darasa la kwanza mwalimu aliufunga mkono wangu kwa kitambaa hadi nikahamia kulia. Ndo maana mwandiko wangu mnaujua, kama kuku kaparua!

Basi nikamkumbuka Kaizari Wilhelm II, yule aliyekuwa anatawala Ujerumani babu zetu walipopigana Maji Maji, 1905 hadi 1907. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1859, uzazi ukawa mgumu, neva za bega la kushoto zikaumia. Mkono ukabaki dhaifu, mfupi kuliko wa kulia kwa karibu sentimita 15. Utotoni walimfunga ule mzima, wa kulia, ili alazimike kutumia mbovu. Walimtibu hadi kwa umeme. Wapi! Haukupona.

Ziangalie picha zake za ukubwani. Mkono wa kushoto ama umetulia juu ya mpini wa upanga, ama umeshika glavu ili usionekane mfupi, ama umefichwa kabisa. Picha ya mfalme ilikuwa ya kuonyesha nguvu, kwa hiyo wachoraji na wapiga picha wakaificha ile aibu. Lakini jamani, aibu gani? Kuumia wakati wa kuzaliwa ni kosa la nani?

Sasa njoo kwenye michezo. Mexico City, 16 Oktoba 1968, Olimpiki, mita 200. Tommie Smith wa Marekani kashinda kwa sekunde 19.83, rekodi ya dunia. Wa pili Peter Norman wa Australia, wa tatu John Carlos, Mmarekani pia. Smith na Carlos walipanga kupinga ubaguzi wakiwa jukwaani, kwa ngumi zenye glavu nyeusi. Kumbe Carlos kazisahau zake kijijini kwa wanamichezo! Norman akawashauri wagawane jozi moja. Smith akavaa ya kulia, Carlos ya kushoto. Wimbo wa taifa ulipopigwa, ngumi mbili juu. Wakafukuzwa kwenye timu, lakini picha ile ikazunguka dunia nzima.

Yaani ngumi ya kushoto maarufu kuliko zote ilitokana na usahaulifu! Baadaye Smith alieleza kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa nguvu ya watu weusi, na wa kushoto wa Carlos ulikuwa umoja wao.

Ninavyoona mimi, mkono wenyewe hausemi kitu. Sisi ndo tunaupa maana, iwe aibu au heshima. Na mtoto anaibeba hiyo maana miaka mingi.

Jana nikampigia mama. Nikamwambia, kula na kusalimia wakubwa atumie kulia, hiyo ni adabu ya kwetu. Ila kalamu mwacheni aishike anavyoweza, na mwalimu wake nitaenda kuongea naye mwenyewe likizo ikifika. Mama kacheka, "Haya mwalimu."

Nawahi semina wadau. Tuonane wiki ijayo!