Jinsi ya kupunguza kelele ndani ya Land Cruiser ya wagonjwa

Mashirika ya misaada hutumia sana Land Cruiser 78 kama ambulansi. Ndani ni bati tupu. Gari likipanda RN1 kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama, kelele humfanya mhudumu ashindwe kumsikia mgonjwa.

Hatua kwa fundi:

1. Ondoa viti na zulia; safisha bati na ulikaushe.
2. Bandika raba nzito yenye gundi sakafuni, milangoni na kwenye paa. Si lazima kufunika bati lote.
3. Juu yake weka sponji isiyonyonya maji wala kushika moto haraka.

Tahadhari: usizibe matundu ya maji chini ya milango, bati litaliwa na kutu. Machela ifungwe kwa bolti. Mikanda ya usalama ibaki.