Kitufe na Mtu wa Kaunta

Tukisikia neno historia tunawaza vita na wafalme. Mimi leo nazungumzia kitufe: kile cha rangi, chenye picha ya kikombe au kuku, ambacho keshia hukigusa kwenye skrini na bei ikajiandika yenyewe.

Chanzo chake ni wizi. James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Ohio, nchini Marekani, alichoka kuona pesa zikiishia mifukoni mwa wahudumu wake. Aliwahi kuona melini kifaa cha kuhesabu mizunguko ya pangaboi, basi mwaka 1879 akaunda mashine ya kuhesabu mauzo, akaiita kwa Kiingereza chao "keshia asiyehongeka". Litazame jina hilo, ndugu msomaji. Mashine ndiyo mwaminifu, mtu ndiye mshukiwa! Hata hivyo vitufe vyake vilikuwa vya kiasi cha fedha tu. Bei ya kila kitu ilibaki kichwani mwa muuzaji.

Mwaka 1974 kampuni ya William Brobeck iliwaundia McDonald's rejista yenye chipu ya Intel 8008, na humo chakula kikapata kitufe chake. Unabonyeza idadi, unabonyeza chakula, kazi kwisha. Ila kitufe cha kupachikwa ni kigumu kuhama.

Aliyekihamisha ni Gene Mosher, mwenye mgahawa wa Syracuse, New York, mtu aliyelijua joto la jikoni. Mwaka 1986, kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Las Vegas, programu yake ya ViewTouch ilionyeshwa kwenye kompyuta ya Atari 520ST. Kompyuta hiyo ilitoa rangi 16 tu kwa mpigo, kati ya 512. Zilitosha. Kitufe sasa kilikuwa mchoro, na mwenye mgahawa aliweza kukipanga bila kuandika programu upya.

Vinywaji vikipewa rangi moja na nyama nyingine, jicho hufika kabla ya akili kusoma. Lakini rangi nayo ina hila. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mwekee "futa" nyekundu na "lipa" kijani, bila neno wala alama, uone vituko. Tena kitufe kikae palepale kila siku, maana vidole navyo hukariri.

Picha je? Sisi tunaijua nguvu yake: katika uchaguzi wa Tanzania wa 1965 wagombea walipewa alama ya jembe au nyumba, na asiyejua kusoma akachagua mbunge wake. Kaunta nako, picha inamfungulia ajira mtu wa namna hiyo. Hilo silibezi hata kidogo. Lakini muuzaji wa zamani, mwenye bei zote kichwani, alikuwa na kinga: kumfukuza ni hasara. Bei zikihamia kwenye picha, tajiri anaweza kumwambia, "Nenda, kesho atakuja mwingine."

Ndiyo maana nauliza nani anavipanga vitufe hivyo. Mara nyingi ni mtu wa ofisini asiyesimama pale saa nane kutwa. Keshia angepewa walau dakika kumi avisogeze mwenyewe, nadhani "soda" isingekaa ubavuni mwa "futa".